Linki si video: jinsi ya kuhifadhi video za mitandaoni kwenye simu yako kwa usalama

Mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti unapofanyika wadini Tezo, si kila mkaazi anayeweza kufika. Kuna aliye shambani Ngerenya, aliye kazini Mombasa, na aliyebaki nyumbani akimuuguza mzazi. Wengi wa hao hutumiwa linki ya Facebook katika kikundi cha WhatsApp cha kijiji. Huifungua, hutazama dakika chache, kisha husema: "Nitaimalizia baadaye, linki si ninayo?"

Hiyo baadaye ndiyo yenye shida. Tangu tarehe 19 Februari 2025, kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, hufuta matangazo ya moja kwa moja siku 30 baada ya kurushwa. Mwenye ukurasa asipoyapakua au kuyaweka upya kama video ya kawaida ndani ya muda huo, hayapo tena. Linki unabaki nayo, lakini ukiibonyeza haikufikishi popote.

Linganisha siku hizo 30 na kalenda ya bajeti ya kaunti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkaazi aliyesikia barabara au zahanati yake ikitajwa katika mkutano uliorushwa mwezi Machi, akitaka kuyarejelea maneno yale mwezi Julai, huenda akakuta video ilishafutwa kitambo.

Si bajeti pekee. Mazishi ambayo ndugu walio Qatar na Saudi Arabia waliyafuatilia kwa simu, harusi, sherehe za shule na mahubiri ya Jumapili yanayorushwa moja kwa moja kwenye Facebook yote yana siku hizo hizo 30. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuihifadhi video kwenye simu yako, mitego ya kuepuka, na mipaka ambayo sheria imeweka.

Linki ni maelekezo tu

Linki ni mfano wa kuelekezwa nyumbani kwa mtu: shuka steji ya Tezo, fuata barabara ya vumbi, nyumba ya tatu mkono wa kushoto. Maelekezo hayo yanafaa maadamu nyumba ingalipo. Video yenyewe haimo katika simu yako, imo katika kompyuta za kampuni inayomiliki mtandao ule. Aliyeiweka akiifuta, akifunga akaunti yake, au kampuni ikiiondoa, maelekezo yako hayana kazi tena.

Kuna pia hesabu ya bando. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 7.5 kwa dakika. Kwa hivyo somo la dakika 10 kuhusu upanzi wa mahindi litakula MB 75. Ukilitazama mara nne kwa linki, umetumia karibu MB 300. Ukilipakua mara moja, utatumia MB 75, kisha utalitazama shambani mara nyingi upendavyo hata kama huna bando. Video yenye picha safi zaidi hula zaidi, kwa hivyo ukipewa nafasi ya kuchagua ubora, ule wa wastani unatosha kwa skrini ya simu.

Kila mtandao na desturi yake

Jambo la kwanza kujua ni kwamba neno "Save" halina maana moja kila mahali.

Facebook. Ukibonyeza "Save video" kwenye Facebook, video haiji kwenye simu. Facebook huiandika tu katika orodha yako ya vitu ulivyotaka kuvirudia. Ukitaka kuitazama utahitaji intaneti, na mwenyewe akiifuta, hata katika orodha yako haitafunguka. Wakaazi wengi hudhani wamehifadhi, kumbe wameweka alama tu. Anayeweza kupakua tangazo la moja kwa moja ni yule aliyelirusha. Kwa hivyo njia ya uhakika ni kumwomba: mwandishi wa kanisa, mwalimu mkuu, au mpiga video aliyerusha mazishi ya mzee wenu. Mwombeni mapema, kabla ya siku 30 kwisha.

TikTok. Hapa "Save video" huileta video kwenye simu, pamoja na picha zako nyingine, ikiwa na jina la akaunti iliyoiweka. Ibonyeze alama ya mshale wa kushiriki, nawe utaona chaguo hilo. Usipoliona, mwenye video amezuia isipakuliwe au akaunti yake si ya wazi.

Instagram. Alama iliyo kama utepe wa kitabu ni ya kuweka kumbukumbu tu, sawa na ile ya Facebook. Video fupi za akaunti za wazi zinaweza kupakuliwa kupitia alama ya kushiriki, ikiwa mwenyewe ameruhusu.

YouTube. Chini ya video nyingi kuna kitufe cha "Download". Video hiyo hukaa ndani ya programu ya YouTube, wala huioni miongoni mwa picha zako na huwezi kumrushia mwenzako kwa WhatsApp. Inafaa sana kwa masomo ya kilimo, ufugaji wa kuku na masomo ya watoto. Lakini simu ikikaa muda mrefu bila kuunganishwa na intaneti, video hufungwa hadi uiunganishe tena. Video nyingine hazina kitufe hicho, au humtaka mtu awe analipia huduma ya kila mwezi.

WhatsApp. Video uliyotumiwa ndani ya mazungumzo, ukishaifungua, huwa imeingia kwenye simu. Video ya "Status" hutoweka baada ya saa 24, kwa hivyo mwombe mwenyewe akutumie. Kumbuka pia kwamba WhatsApp hupunguza ubora wa video inapotumwa. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati, si kama video. Kwa njia hiyo WhatsApp hukubali faili ya hadi GB 2.

Kurekodi skrini

Pale ambapo hakuna kitufe cha kupakua, simu nyingi za sasa zina njia yake. Simu za Android kuanzia toleo la 11, lililotoka mwaka 2020, na iPhone zenye iOS 11 ya mwaka 2017 na kuendelea, zina kinasa skrini cha kuzaliwa nacho. Vuta pazia la juu ya skrini, tafuta alama ya kurekodi, ibonyeze, kisha icheze video hadi mwisho. Simu itanasa kila kinachoonekana.

Kabla ya kuanza, fanya mambo matatu. Zima arifa, ili ujumbe wa M-Pesa au wa familia usiingie katikati ya rekodi. Hakikisha umechagua kurekodi sauti, maana simu nyingine hurekodi picha peke yake. Na uangalie kama simu ina nafasi. Rekodi ya saa moja ni faili kubwa, na nafasi ikijaa katikati, kazi yako yote inaweza kupotea.

Faida ya kinasa cha simu ni kwamba huhitaji kumpa mtu mwingine chochote: hakuna tovuti ngeni wala programu mpya. Kwa mkaazi asiye mzoefu, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza.

Tovuti za "bandika linki upakue"

Kuna tovuti nyingi zinazokutaka unakili linki, uibandike kwenye kisanduku, kisha upakue. Kazi yake si ya miujiza. Tovuti huenda kwenye mtandao husika kwa niaba yako, hutafuta mahali faili ya video ilipo, kisha hukuletea. Kwa kuwa video ya wazi huonekana na kila mtu, tovuti hiyo haihitaji kujua wewe ni nani.

Ukilielewa hilo, utawatambua wezi kwa urahisi. Tovuti inayokuomba nywila yako ya Facebook ili "ikusaidie kupakua" inataka akaunti yako. Inayokuomba nambari ya simu na nambari ya siri ya M-Pesa inataka pesa zako. Hakuna video yoyote duniani inayohitaji PIN ya M-Pesa ili ifunguke.

Mtego mwingine uko katika faili unayoletewa. Faili ya video kwa kawaida jina lake huishia na .mp4. Ukiona jina linaishia na .apk, hiyo si video, ni programu inayotaka kuingia katika simu yako. Usiifungue. Programu za aina hiyo zinaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, na anayesoma ujumbe wako anaweza kuona nambari za uthibitisho zinazotumwa na benki. Katika mipangilio ya simu, acha ikiwa imezuia programu kutoka vyanzo visivyojulikana.

Tahadhari nyingine za haraka:

- Ukurasa ukiwa na vitufe vitatu vinne vya "Download" vinavyomeremeta, vingi huwa ni matangazo ya biashara. Funga ukurasa.
- Ukiulizwa kama unaruhusu tovuti ikutumie arifa, kataa. Ukikubali, utaanza kuona matangazo ya kamari na onyo la uongo kwamba simu yako ina virusi.
- Usitumie simu yenye laini ya biashara au ya chama kujaribu tovuti ngeni.
- Ukipokea ujumbe wa kitapeli kwenye laini ya Safaricom, usambaze kwa nambari 333 bila malipo.

Jua pia kwamba masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video nje ya kitufe chake bila idhini. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na njia iliyotolewa na mtandao wenyewe, kisha kumwomba mwenye video.

Video inapokuwa ushahidi

Kuna wakati kuhifadhi video si suala la bando. Mtu ametishwa hadharani kwenye mtandao, mtoto amedhalilishwa, shamba limevamiwa na aliyevamia akajigamba kwa video, au binti wa jirani aliye kazini ng'ambo ameweka video akilia kwamba anateswa. Video kama hizi hufutwa upesi, mara nyingi na yule aliyeziweka au aliyemlazimisha azifute. Saa chache za mwanzo ni muhimu.

Fanya hivi. Kwanza, nakili linki na uiandike mahali. Pili, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maandishi yaliyoambatana na video. Tatu, hifadhi video yenyewe nzima. Nne, andika siku na saa uliyoihifadhi na simu uliyoitumia. Usiikate, usiongeze muziki, usiandike maneno juu yake. Ukitaka kumwonyesha mtu, mwonyeshe nakala na uache ile ya kwanza ilivyo.

Sababu ni kwamba mahakama zetu hukubali ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Ushahidi, lakini hutaka kujua ulivyopatikana na kama umeguswa. Kifungu cha 106B kinahitaji cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Aliyehifadhi video kwa utaratibu ataweza kujibu maswali hayo. Aliyeipata baada ya kupita katika vikundi kumi vya WhatsApp hataweza.

Kisha ipeleke inakohusika. Kwa tishio au uhalifu, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na uhakikishe umepewa nambari ya OB. Kwa Mkenya aliye taabani ng'ambo, taarifa ifikishwe kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya Walio Ughaibuni. Tafadhali usisambaze video yake pamoja na namba yake ya pasipoti, jina la mwajiri au nyumba anayoishi. Nia yako ni njema, lakini unaweza kumzidishia hatari akiwa bado yumo ndani ya nyumba hiyo.

Mipaka ya sheria

Kuhifadhi ni jambo moja, kusambaza ni jingine. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda aliyetengeneza video, awe msanii wa Malindi au mchekeshaji wa Mtondia. Kuitazama kwako nyumbani hakumwibii mtu. Kuipakua, ukaondoa jina lake, ukaiweka kwenye ukurasa wako ili upate wafuasi au pesa, huko ni kumla mwenzako jasho lake. Ukitaka kuitumia, mwombe ruhusa.

Katiba, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Video ya mgonjwa akiwa zahanati, ya mtoto wa shule akiadhibiwa, au ya wanandoa wakigombana haiwi halali kusambazwa kwa sababu tu "ilikuwa tayari iko mtandaoni". Chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, anayesambaza picha au video za utupu za mtu mwingine anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili.

Na iko aina moja ya video ambayo hupaswi kuihifadhi hata kwa nia ya kuripoti: video ya ngono inayohusisha mtoto. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo hiyo kinafanya kuwa nayo katika simu kuwa kosa, na adhabu hufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 25, au yote mawili. Ukikutana nayo, usiipakue wala usiitume kwa kikundi ili "watu wajionee". Nakili linki, ripoti kwa mtandao husika, na upige simu bila malipo kwa nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, au uende kituo cha polisi.

Haki yako ya kuomba nakala

Kwa mikutano ya umma, huna haja ya kutegemea bahati ya linki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na rekodi ya mkutano ni miongoni mwa habari hizo. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, taja mkutano, mahali na tarehe, na uipeleke katika ofisi ya msimamizi wa wadi au idara iliyoandaa mkutano. Mkaazi asiyejua kuandika, au anayezuiwa na ulemavu, ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa anayelipokea. Ofisi inatakiwa kujibu haraka iwezekanavyo, na isipite siku 21. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutakiwa kulipia gharama halisi ya kutengeneza nakala.

Angalia hesabu: siku 21 ziko ndani ya siku 30. Mkaazi anayeandika barua katika wiki ya kwanza baada ya mkutano anaipa ofisi nafasi ya kulihifadhi tangazo kabla halijafutwa. Anayengoja hadi mwezi wa pili anaweza kujibiwa kwamba rekodi haipo tena.

Baada ya kuhifadhi

Simu hupotea, huanguka baharini, na huibwa kwenye matatu. Video muhimu isikae mahali pamoja. Inakili kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye kompyuta ya saiba unayoiamini, au katika akaunti yako ya Google Drive. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti zako na ufute faili kabla ya kuondoka. Ipe video jina linaloeleweka, kwa mfano "mkutano wa bajeti Tezo" pamoja na tarehe, badala ya kuiacha na tarakimu ilizopewa na simu. Mwaka ujao utakapoitafuta, utaipata.

Video zilizowekwa na kaunti kwa ajili yenu, zihifadhini na mwashirikishe jirani wasio na simu za kisasa. Ombi letu ni moja: zitumeni nzima. Kipande cha sekunde 20 kilichokatwa katika hotuba ya saa moja kinaweza kumfanya mtu aonekane amesema kinyume cha alichokisema, awe ni afisa, mwakilishi wadi au mkaazi mwenzako.

Leo jioni, ukipata nafasi, pitia linki ulizotumiwa mwezi huu. Pengine kuna mazishi ya shangazi, kuna ahadi ya kisima, kuna mtoto akipokea cheti chake. Angalia kila moja ilirushwa tarehe gani, uhesabu siku zilizobaki, na umpigie simu aliyeirusha.